Kununua Kitabu na Kukichunga: Juu ya Mazoea ya Kuhifadhi Vitabu vya Kielektroniki

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msomaji anavyoweza kuhifadhi vitabu vya kielektroniki alivyovinunua kwa fedha zake, na kwa nini jambo hilo, ambalo wengi hulidhani kuwa la mafundi wa kompyuta, lawahusu pia walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Mfano utakaotumika mara kwa mara ni wa msomaji aishiye Luena, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Haut-Lomami, kwenye njia ya reli itokayo Lubumbashi kwenda Kamina. Mfano huu haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Luena ni mahali ambapo faida za kitabu cha kielektroniki na hatari zake huonekana kwa pamoja, tena bila pazia.

Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ikakamilika mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwenye mto Kasai. Kwa miaka mingi kitabu kilichofika Luena kilifika kwa njia hiyo, ndani ya sanduku la mwalimu, la mmisionari au la karani wa mgodi. Siku hizi treni haina saa ya kutegemewa, ilhali faili la riwaya nzima laweza kuingia katika simu kwa dakika moja mtandao ukiwapo. Riwaya isiyokuwa na picha huwa na uzito wa megabaiti 1 au 2 tu. Vitabu 1,000 vya aina hiyo huenea katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na nafasi ikabaki. Kwa mwalimu aliye mbali na duka la vitabu, hii si anasa.

Lakini kitabu cha karatasi kikishashushwa katika behewa, hakirudi kituoni chenyewe. Kitabu cha kielektroniki chaweza kurudi. Hapo ndipo penye suala letu.

1. Maneno yanayotumika

Kabla ya kuingia katika vyombo na mazoea, yafaa kutazama kidogo msamiati, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulifikiri jambo hili kabla ya kompyuta kuja. Neno "nakala" asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Kwa Kiswahili nakala ni kile kitabu kimoja kimoja kinachouzwa dukani, na pia ni kile kilichoandikwa upya kutokana na kingine, anayekiandika ananakili. Kwa hiyo lugha yenyewe haikutenga kumiliki kitabu na kukirudufu. "Kuhifadhi" nako kuna pande mbili: mtu huhifadhi nyaraka kabatini, na mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani moyoni. Katika maana hii ya pili, kilichohifadhiwa ni kile ambacho hakiwezi kuchukuliwa na mwingine.

Wafasiri wa programu za kompyuta wamezoea kusema "nakala rudufu" kwa ile nakala ya akiba iwekwayo kando. Wengine wameazima "chelezo" kutoka kwa mabaharia, neno zuri, ingawa mbali na pwani huhitaji kuelezwa kwanza. Kwa wasemaji wa Katanga liko neno jingine ambalo halikupewa heshima linayostahili. Mtu wa Lubumbashi au wa Luena akimwachia mwenzake kitabu akitunze, humwambia akichunge. Katika Kiswahili sanifu kuchunga ni kazi ya mwenye ng'ombe au mbuzi. Aliyezoea usanifu huweza kucheka, lakini maana ya Katanga yafaa zaidi kwa vitabu vya kielektroniki kuliko "kutia kabatini". Mchungaji hafungi mlango akaenda zake; huwahesabu wanyama jioni, na asubuhi huwahesabu tena. Faili lililowekwa katika kadi na kusahauliwa kwa miaka 10 halikuchungwa.

2. Kilichonunuliwa hasa ni nini?

Mnunuzi wa kitabu cha karatasi hununua kitu. Anaweza kukisoma, kukiazimisha, kukiuza, au kukirithisha. Mnunuzi wa kitabu cha kielektroniki, katika maduka mengi makubwa, hununua ruhusa ya kukisoma kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba ambao ni wachache mno wanaousoma. Kitufe husema "Nunua", lakini mkataba hauzungumzii kununua. Tofauti hii ya maneno imekwisha kufika hata katika sheria: jimbo la California, Marekani, lilipitisha mwaka 2024 sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, ambayo humtaka muuzaji wa mali ya kidijitali amweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni, iwapo ndivyo ilivyo.

Matukio matatu yanatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mnamo Julai 2009 kampuni ya Amazon iliondoa katika mashine za Kindle za wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, *1984* na *Animal Farm*, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza nchini Marekani. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Hata hivyo mwanafunzi mmoja wa sekondari, ambaye maelezo aliyokuwa ameyaandika juu ya kitabu yalibaki bila maandishi yanayoyahusu, alikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka huohuo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Ilipofika Julai vitabu vyote vilivyouzwa humo viliacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, na walioandika maelezo yao pembeni waliongezewa dola 25. Tukio la tatu ni la tarehe 26 Februari 2025, siku ambayo Amazon iliondoa njia ya kupakua faili la kitabu kilichonunuliwa kwenye kompyuta na kulihamisha kwa waya hadi kwenye Kindle. Kwa msomaji wa mji wenye intaneti ya saa zote mabadiliko hayo ni usumbufu mdogo. Kwa msomaji ambaye mtandao wake huja na kupotea, ile kompyuta na ule waya ndivyo vilivyokuwa ghala lake.

Ikumbukwe kuwa katika matukio mawili ya kwanza hakuna aliyedhulumiwa fedha. Ni kitabu kilichopotea. Bei ya kitabu hulipika. Ile miezi 3 ambayo mwanafunzi amepiga mistari na kuandika maoni yake kurasa kwa kurasa hailipiki, si kwa dola 25 wala kwa zaidi.

Kinachowezesha haya ni kufuli la kidijitali, yaani msimbo unaolifanya faili lifunguke kwa akaunti fulani tu, na mara nyingi kwa programu fulani tu. Faili lililofungwa hivyo laweza kunakiliwa mara 20, na nakala zote 20 zikawa bure siku akaunti inapokufa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuhifadhi huulizwa kabla ya kulipa: je, faili hili lina kufuli? Wako wachapishaji wanaouza bila kufuli. Tor Books ya Marekani, kwa mfano, iliacha kufuli mwaka 2012. Katika taaluma yetu hali ni njema kuliko inavyodhaniwa. *Swahili Forum*, jarida lililoanza Cologne mwaka 1994, hupatikana bure kwa mafaili ya PDF yasiyo na kufuli, na mwanafunzi mwenye subira aweza kuliweka lote katika flashi moja. Panapokuwa na uchaguzi kati ya toleo lenye kufuli na lisilo nalo, lisilo nalo lapendeza hata likizidi bei kidogo.

Neno moja juu ya haki. Nakala ya akiba ya kitabu alichokinunua mtu ni jambo moja. Kukirudufu kitabu hicho kwa darasa la wanafunzi 60 ni jambo jingine. Kongo ina sheria ya haki za waandishi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na mwandishi wa Kiswahili ambaye vitabu vyake havina soko kubwa ndiye wa kwanza kuumia pale darasa zima linaposomea faili la mtu mmoja. Makala haya yanazungumzia nakala ya akiba tu.

3. Andiko la André Yav

Mfano bora wa kuhifadhi andiko la Kiswahili katika Katanga hautoki kwenye kompyuta. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa bado Élisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani historia ya mji wao, kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Kichwa chake ni cha Kifaransa, *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*, ingawa si kamusi. Ni habari za wazungu na watumishi wao, za mishahara, za makampuni na za vita, kama zilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Andiko lilipigwa kwa taipureta na kurudufishwa kwa karatasi. Halikuwa na mchapishaji, halikuuzwa madukani. Kwa hesabu ya kawaida lilipaswa kupotea kabisa, kama yalivyopotea maandishi mangapi ya namna hiyo.

Halikupotea kwa sababu nakala moja ilifika mikononi mwa mtafiti aliyeijali. Johannes Fabian, aliyekuwa akichunguza Kiswahili cha Shaba, alilishughulikia andiko hilo pamoja na Kalundi Mango na Walter Schicho, na mwaka 1990 likatoka kama kitabu, *History from Below*, lenye matini, tafsiri na ufafanuzi. Kazi haikuwa nyepesi. Tahajia ya Yav haikufuata kanuni moja, na mipaka ya maneno ilichanganyika hata Kalundi Mango akalazimika kulisoma kwa sauti ili maana ipatikane. Baadaye matini iliwekwa katika intaneti, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na Vincent de Rooij katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Leo, kwa hiyo, andiko lipo katika sura tatu: karatasi za mwanzo, kitabu cha kuchapwa, na matini ya kielektroniki isiyo na kufuli. Tena halipo mahali pamoja.

Wanaoshughulika na nakala rudufu wana kanuni waiitayo 3-2-1, ambayo huhusishwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Andiko la Yav lilitimiza kanuni hiyo bila kuijua. Na pwani walikuwa wameitimiza zamani zaidi. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya watu wa nyumbani na kwa wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann, na tenzi kadhaa zasomeka leo London au Hamburg kwa sababu hiyo. J. W. T. Allen, aliyekusanya hati na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam na kutoa orodha yake mwaka 1970, aliendeleza kazi ileile. Mchwa na unyevu hula hati moja; haziwezi kula hati tatu zilizo katika miji mitatu. Nao moto ni vivyo hivyo: tarehe 18 Aprili 2021 moto uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake juu ya Afrika, na yale yaliyokuwa yamekwisha kugeuzwa kuwa ya kidijitali na kuwekwa kwingine ndiyo yaliyobaki kusomeka.

Msomaji ajiulize kidogo: lau André Yav angaliliweka andiko lake katika akaunti yenye neno la siri, na akaunti hiyo ikawa katika duka lililofungwa, Fabian angalifungua nini?

4. Mazoea ya msomaji

Turudi Luena. Tuseme yupo mwalimu wa shule ya sekondari aliyelipia kitabu cha isimu. Mtandao umefika usiku, watu wakiwa wamelala, na umeme upo. Kosa la kwanza ni kuridhika kwamba jina la kitabu limetokea kwenye kioo cha simu. Programu nyingi huonyesha jalada kabla faili lenyewe halijashuka. Hapana budi kupakua kitabu chenyewe, kuzima mtandao, kisha kukifungua katikati na mwishoni. Kikifunguka bila mtandao, kimefika.

Usiku huohuo faili linakiliwe katika chombo cha pili. Hapa pana mitego mitatu ambayo watu wa miji midogo huijua kwa gharama yao. Wa kwanza ni kadi bandia. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 64 yaweza kuwa na 8 tu za kweli. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, huonyesha majina yao yote, na yaliyozidi huwa matupu au hufuta yaliyotangulia. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya mpaka pomoni kwa mafaili yasiyo na thamani, kisha kuyafungua ya mwisho kabla ya kuiamini. Mtego wa pili ni umeme kukatika katikati ya kunakili. Kinachoharibika si faili moja tu. Mara nyingine orodha nzima ya kadi huvurugika. Kompyuta ya mezani isiyo na betri isitumike kunakili hazina ya mtu ila pawe na nakala nyingine kando. Mtego wa tatu ni virusi vya flashi. Flashi iliyochomekwa katika kompyuta ya duka la fotokopi hurudi na mafolda yakiwa yamefichwa, na mahali pake pana vielekezi vyenye majina yaleyale. Flashi ya kupelekea kazi dukani na flashi ya kuhifadhia vitabu zisiwe moja, kama vile ndoo ya kuchotea maji ya kunywa haiwi ile ya kudekia.

Flashi na kadi zina ila nyingine isiyosemwa sana. Huhifadhi maandishi kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani, na chaji hiyo, chombo kikikaa miaka bila kutumiwa, hasa penye joto, huvuja polepole. Hii ndiyo sababu ya kupendelea neno la Katanga. Mara moja kwa mwaka, kwa mfano likizo ya shule inapoanza, mafaili yote yafunguliwe na kunakiliwa upya katika chombo kingine. Diski ngumu ya nje, kwa mwenye uwezo, ni chombo cha pili kizuri kwa kuwa uhifadhi wake ni wa sumaku na si wa chaji.

Nakala ya mbali si lazima iwe katika hifadhi ya mtandaoni ya kulipiwa. Mwalimu wa Luena ana ndugu Kamina, ana rafiki Lubumbashi. Kadi iliyofungwa katika bahasha hupelekwa na mtu anayesafiri, na safari nyingine hurudi ikaongezwe. Ni njia ya polepole, lakini haikatiki kwa kukosa malipo ya mwezi, wala haimtegemei mtu wa mbali asiyejua Luena iko wapi.

Kuhusu aina ya mafaili, EPUB, iliyotolewa kama kanuni ya pamoja mwaka 2007, yafaa kwa matini ndefu kwa kuwa hujipanga upya kulingana na ukubwa wa kioo, na programu za bure kama Calibre, iliyoanza mwaka 2006, huifungua bila shida. PDF, ya tangu 1993, hushika umbo la ukurasa. Mwenye kunukuu namba za kurasa katika tasnifu huihitaji, ingawa kuisoma kwenye simu huumiza macho. Majina ya mafaili yawe na mwandishi, kichwa na mwaka. Faili liitwalo "kitabu-kipya-2" ni kitabu kilichopotea tayari, ingawa bado kipo. Na maelezo aliyoyaandika msomaji pembeni yatolewe kila baada ya muda yakawe faili la maandishi matupu, lililo peke yake. Mfano wa mwanafunzi wa mwaka 2009 watosha.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya mafundi havilitaji, kwa kuwa waandishi wake wana kadi za benki. Katika Kongo watu wengi hulipa kwa pesa ya simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ilhali maduka makubwa ya vitabu hudai kadi ya benki. Kwa hiyo mwalimu humwomba binamu aliye Ubelgiji, au shemeji wa Lubumbashi mwenye kadi, amnunulie, naye humtumia fedha kwa simu. Kitabu husomwa Luena, lakini mwenye kitabu kwa mujibu wa mkataba ni binamu. Binamu akibadili neno la siri, akifungiwa akaunti, au pakitokea neno baya kati ya jamaa hao wawili kwa sababu isiyohusiana kabisa na vitabu, maktaba ya mwalimu hufungwa siku hiyo. Heshima humzuia mtu kuuliza mapema. Lakini ni afadhali kuuliza siku ya kununua, wakati wote wana furaha, akaunti ifunguliwe kwa jina na anwani ya nani, na nani mwingine anajua neno la siri. Bora zaidi ni binamu kununua kutoka kwa muuzaji asiyetumia kufuli, kisha kulituma faili lenyewe. Hapo akaunti haina uzito tena.

Vivyo hivyo kuhusu mauti. Vitabu vya karatasi vya marehemu hugawanywa, hugombaniwa, huuzwa gulioni, lakini huendelea kuwapo. Akaunti, kwa masharti ya maduka mengi, hairithishwi, na simu iliyofungwa kwa namba aliyoijua marehemu peke yake ni kipande cha kioo. Mafaili yasiyo na kufuli katika diski hurithiwa kama kitu kingine chochote cha nyumbani, ila warithi wajue yapo. Ndiyo maana kitu cha mwisho katika maktaba ya kielektroniki ni daftari la karatasi: vichwa vya vitabu, tarehe na mahali vilipolipiwa, kipi kina kufuli na kipi hakina, kadi ipi ipo Luena na ipi ipo Kamina, na siku zilipofunguliwa mara ya mwisho. Maneno ya siri yasiandikwe humo, bali katika karatasi ya pili iliyofungwa katika bahasha. Daftari liandikwe kwa wino, liwekwe juu ya rafu mbali na mvua, na mtu mmoja wa nyumbani, zaidi ya mwenyewe, aonyeshwe lilipo na bahasha ilipo.